Kadi ya Ukutani

Kadi ina upana wa kiganja.
Jina, mwaka, nyenzo, kisha mstari mmoja
wa kusema alikuwa wa wapi.
Mkurugenzi anaitaka saa kumi,
kabla umeme haujaondoka.

Nyenzo ni rahisi:
rangi ya mafuta juu ya gunia la unga,
na weusi ule alioukwangua mwenyewe
chini ya kilima cha masazo ya shaba;
hakuna duka lililouza weusi wa aina ile.

Jina tayari linanichelewesha.
Kwenye daftari la misheni ni Chola.
Kwenye kadi ya mgodi, Tshola, namba 4417.
Nyuma ya picha, kwa penseli,
mwenyewe kaandika Shola, siku nyingine Cola,
kama mtu anayejaribisha viatu.

Na ule mstari.

Katalogi ya mnada, iliyotoka Ubelgiji, inasema
"Mchoraji wa Kenya."
Nilicheka hadi mlinzi akaja kuniangalia.
Kenya, ndiyo! Kenya yetu,
mtaa wa Lubumbashi wenye vumbi jekundu,
soko la samaki wakavu na betri za redio,
si ile yenye Nairobi.
Walipotea njia wakafika nyumbani kwake.

Niandike Mkongomani?
Alizaliwa ng'ambo ya Luapula, upande wa Waingereza,
mama yake alikuwa ameenda kwenye kilio.
Alivushwa mto ana siku tisa, kafungwa mgongoni,
wala hakuna askari aliyemdai karatasi.
Mzambia? Zambia haikuwepo.
Mrodeshia? Mdomo unakataa.
Mkatanga? Miaka miwili na ushee waliambiwa hivyo,
naye akachora bendera mpya
kwenye mlango wa kinyozi, kwa malipo ya kuku.
Alikufa Mzaire, ndani ya abakosti ya kuazima.
Nchi zilipita juu ya paa lake moja baada ya nyingine
na yeye hakuhamisha hata kitanda.

Nikaenda kwa binti yake, Mama Odia.
"Nipe asili yake," nikasema, "neno moja tu."
Akaweka chini mwiko wa bukari.

"Asili?
Neno hilo lilikuwaka kwenye kitambulisho cha mama,
mstari wa chini, herufi ndogo.
Mama alikuwa wa Kasai.
Mwaka ule walipopita mlango kwa mlango
waliusoma mstari huo kwanza.
Tulilala gare wiki saba tukingoja treni,
tumelalia picha za baba, tumezikunja ndani ya blanketi.
Ndiyo maana zina mikunjo.
Na hiyo utaandika?"

Sikujibu. Alinipakulia, nikala.

Sasa ni saa tisa na nusu.
Naitazama picha: wanaume watatu watoka zamu ya usiku,
wametupa migongo.
Mmoja Mluba labda, mmoja Mlamba,
mmoja aliletwa na kampuni kutoka Rwanda.
Hakumwandika mtu kabila shingoni.
Aliwapa kivuli kimoja, kirefu,
kinachofika hadi kwenye fremu na kuipanda kidogo.

Nikaandika:
Chola Mwelwa (pia Tshola, Shola).
Alizaliwa ukingoni mwa Luapula, yapata 1912.
Alichora Elisabethville,
kisha Lubumbashi, katika chumba kilekile.

Mkurugenzi akasoma, akakuna kidevu.
"Na uraia?"
"Nafasi imeisha," nikasema.
Uongo. Zilibaki milimita sita.

Ijumaa Mama Odia akaja na wajukuu.
Alisoma kadi kwa kidole, polepole,
kama anayetoa mawe kwenye maharagwe.
Akanigeukia.
"Umesahau kitu kikubwa."

Tumbo likanikaza.

"Baba alikuwaka wa mkono wa kushoto."

Nikatoa kalamu mfukoni.
Milimita sita zilitosha.